Mtani Alisema Mama Anakuja

Siku mama yangu aliposhuka kwenye treni Shinyanga, mimi nilikuwa njiani kwenda Shinyanga hiyohiyo, nimekaa juu ya robota za pamba, naimba. Yeye alishuka alasiri. Sisi tuliingia magharibi. Usiku ule tulilala mji mmoja, mimi kwenye kitanda cha watu, yeye kwenye benchi la stesheni, na asubuhi yake nikanywa chai ya maziwa na mandazi mawili, nikapanda lori kurudi zangu. Nayasema haya mwanzoni kabisa ili nisije nikajipamba huko mbele. Najijua. Nikipewa nafasi hujipamba.

Tulikuwa tunakaa mgodini, upande wa Kharumwa, miaka ya hamsini mwanzoni. Mume wangu alikuwa fundi wa pampu, zile mashine za kuvuta maji chini ya ardhi ili wachimbaji wasizame. Sote wawili tulitoka Bagamoyo. Nilifika kule nina miaka kumi na tisa, masanduku mawili na kiburi cha kutosha watu watatu. Nazi hakuna. Bahari hakuna. Majirani zangu katika kota walisema Kisukuma kuanzia alfajiri mpaka jioni, nami nikikaa katikati yao natabasamu kama mgonjwa wa meno. Kwetu watu wakisema ugenini walikuwa na maana ya Unguja au Mombasa. Mimi niliuonja ugeni siku mbili za treni na nusu siku ya lori kutoka nyumbani kwa mama.

Na mume wangu alikuwa na ugonjwa wa kutembea. Aliuona kwa Wazungu wa mgodini, ambao Jumamosi mchana walipakia mahema na bunduki wakaenda kuitazama nchi, wakarudi Jumapili jioni wekundu kama pilipili. Akasema, kama hawa waliotoka ng'ambo wanaitazama, sisi tutaeleza nini tukirudi kwetu? Basi kila Jumamosi king'ora cha saa sita kikilia, kufikia saa saba bwana ameoga, amevaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, anagonga mlango wa nyumba yake mwenyewe akiuliza kama mke wake yuko tayari.

Safari ya kwanza ilikuwa kwa baiskeli mpaka Kharumwa, mimi kwenye keria. Mvua ikatukuta njiani. Tukalala kwenye ghala la pamba, panya wakitembea juu ya miguu yangu bila hata hodi. Nilirudi na homa, na hasira iliyokuwa kali kuliko homa. Siku ya pili yake nilikaa nikamwandikia mama barua. Niliandika: "Mama, huyu mtu hanijali. Ananikokota porini kama mbuzi wa mnada. Nikifa huku hatajua hata nimekufa saa ngapi. Kama unanipenda, njoo unichukue." Nikaipeleka mwenyewe kwa karani wa barua, nikarudi nikajisikia nafuu, nikapika.

Kosa langu la kwanza ni kwamba sikuifuta barua ile kwa barua nyingine. Homa iliisha, hasira ikaisha, safari zikaendelea, na sijui ni Jumamosi ipi nilianza kuzipenda. Labda ni ile ya sokoni Kharumwa, wanawake waliponilisha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, wakanicheka nilivyotafuna mpaka mmoja akakaa chini. Labda ni Shinyanga, kwa fundi cherehani rafiki wa mume wangu, mtu wa Kilwa, ambaye mke wake alikuwa na nazi kavu alizoletewa na watu wa treni. Nikawa mimi ndiye ninayeuliza, bwana, Jumamosi hii wapi? Lakini kwa mama niliendelea kuandika salamu tu. Niliona haya kumwambia kwamba yule mtu asiyenijali sasa nampenda. Nikadhani amesahau, kwa kuwa mimi nilikuwa nimesahau.

Sasa kuna tarishi. Huyu alikuwa Msukuma wa makamo, mrefu, mwenye baiskeli isiyo na breki, kazi yake kutoa barua kwa karani na kuzisambaza kota kwa kota. Siku ya kwanza aliponiuliza kabila langu, nikasema Mzaramo, aliiangusha baiskeli chini akapiga makofi. Wazaramo na Wasukuma ni watani. Asiyejua utani atadhani watu wanagombana. Mtani wako anaweza kukutukana, kukunyang'anya kofia, kuja msibani kwako akalalia kitanda cha marehemu, nawe huruhusiwi kukasirika. Na kila anachosema mtani unakipokea kwa mkono wa kushoto.

Yule bwana alikuwa na mzaha mmoja mkubwa: anamwoa mama yangu. Hajawahi kumwona, lakini anamwoa. Kila akipita ni posa. "Mtani, mke wangu hajambo?" Mimi namwambia mama yangu haolewi na mla michembe. Yeye ananiambia nisimvunjie heshima baba yangu wa kambo. Mara nyingine ananipa bahasha kwa heshima zote, nikiifungua nakuta jani la muhogo. "Mke wangu ameniandikia," anasema, "nisomee." Nilimpenda sana yule mtu. Katika ugeni wangu wote alikuwa wa kwanza kunitendea kama mtu wa nyumbani.

Jumamosi yenyewe, lori la pamba lilikuwa linanguruma mbele ya duka la mgodi, sisi tumeshapanda. Nikamwona tarishi anakuja mbio na baiskeli yake, mkono mmoja juu, karatasi mkononi.

"Mtani! Wangaluka, mayu!" alipiga kelele, mayu kwao ni mama, na wangaluka ni salamu ya asubuhi, ilhali jua lilikuwa utosini. "Mke wangu anakuja! Mayu wako anakuja na tleni! Leo leo, Shinyanga!"

Watu juu ya lori wakacheka. Nami nikasimama juu ya robota ili nisikike vizuri. "Kampokee wewe! Ng'ombe arobaini, na usilete wenye kupe!"

Wakacheka zaidi. Yeye alikuwa anacheka pia, nakumbuka meno yake, lakini alikuwa anatikisa ile karatasi. Mume wangu akanishika kanga. "Ana karatasi," akasema. "Ngoja tumsikilize."

"Kila siku ana karatasi. Ndiyo kazi yake."

"Nimwambie dereva asubiri kidogo?"

"Ukisimamisha lori kwa sababu ya mtani watakucheka mpaka mwaka kesho. Kaa."

Nikampigia dereva bati la kichwa cha lori kwa kiganja changu mwenyewe. Mara mbili, kama wanavyofanya mautingo. Lori likaondoka.

Na si hilo tu. Jumapili asubuhi pale Shinyanga, baada ya chai, mume wangu alitaka tupite stesheni. Alipenda mno kutazama injini, angeweza kusimama mbele ya injini iliyozimwa kwa saa nzima. Mimi nikakataa. Kulikuwa na duka la Mhindi ambalo Jumapili lilifunguliwa nusu mlango, na mke wa fundi cherehani alisema kumeshuka kanga mpya. Tukaenda kwenye kanga. Toka pale mlangoni kwa Mhindi mpaka stesheni ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Nilinunua doti moja ya rangi ya zambarau.

Tulifika mgodini saa nane mchana. Tarishi alikuwa amesimama pale lori linapoegeshwa, peke yake juani. Alisogea akapita mbele yangu bila kunisalimia, akaenda nyuma ya lori, akachungulia ndani. Akazunguka upande wa pili. Mimi nikaanza matusi yangu ya kawaida, nikamuuliza kama amekuja kupokea maharusi.

"Yuko wapi?" akasema.

"Nani?"

"Mayu wako. Mama yako, yuko wapi?"

Hakuwa anacheka. Tangu nimjue sikuwahi kuuona uso wake bila kicheko, na nilimwogopa. Akanipa ile karatasi, ilikuwa imekunjika na kulowa jasho. Ilikuwa telegramu, imepigwa Dar es Salaam siku mama alipopanda treni. Karani ndiye aliyemsomea tarishi Jumamosi ile, akamwambia akimbie, lori halijaondoka. Naye akakimbia, akaisema habari yenyewe neno kwa neno. Ila aliisema kwa mdomo wake uleule aliozoea kunitania.

"Nilikwambia," akasema. "Mtani, si nilikwambia?"

Mume wangu aliisoma akaikunja akaitia mfukoni. Hakunitazama. Mwanamke wa miaka hamsini na zaidi, hajawahi kuvuka Ruvu, hajui Kisukuma, hali nyama asiyojua imechinjwa na nani, alikuwa amekaa stesheni tangu jana akimngoja mwanawe. Nikasema turudi sasa hivi. Dereva akasema lori halina mafuta ya kutosha na ghala halifunguliwi Jumapili, akaapa tutaondoka Jumatatu kabla ya jua. Sikulala, na usiku wenyewe sina la kuusimulia.

Jumatatu ilikuwa zamu ya mume wangu kwenye pampu. Alikwenda kumwomba ruhusa nyapara wake, nikamsubiri nje. Nilisikia sauti ya nyapara, kisha mume wangu akatoka akaweka funguo zake za kazi juu ya dirisha la ofisi. "Twende," akasema. Ile kazi ya pampu aliipata tena baadaye sana. Katikati pale alisukuma vigari vya mawe chini ya ardhi, mtu aliyekuwa anapiga pasi kaptula zake.

Tuliingia Shinyanga kabla ya adhuhuri. Nilishuka lori halijasimama sawasawa. Stesheni hapakuwa na abiria, palikuwa na mbuzi wawili na mlinzi. Kwenye kona ya ofisi nikakiona kikapu chetu. Kikapu cha ukindu chenye mistari myekundu, bibi yangu alikisuka, kifuniko chake nilikitoboa mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo. Nikaenda nikakishika.

"Kiache hicho," mlinzi akasema, "kina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Yule bibi wa pwani? Alianguka jana."

Kwa Kiswahili mtu akisema fulani alianguka, huna cha kufikiri ila mawili, amezimia au amekufa. Nilimuuliza kama amekufa. Alisema hajui. Bibi alikaa pale tangu Jumamosi, mlinzi alisema, hakutaka chakula cha mtu, kila aliyemwambia ahame kwenye jua alimjibu kwamba akihama wanawe watampita. Jumapili mchana akadondoka. Gari la misheni lililokuja kuchukua mizigo likamchukua. "Wamempeleka Kolandoto," akasema.

Sehemu zile, mtu akishapelekwa Kolandoto watu huanza kuulizana yuko wapi ndugu yake mkubwa. Ni hospitali nzuri, imeponya wengi, lakini watu walikuwa wanawapeleka wagonjwa wao wakiwa wameshachelewa, basi jina likawa linatisha. Mume wangu alikimbia kwa fundi cherehani akaazima baiskeli. Nikapanda kwenye keria, kikapu mapajani.

Njia nzima alikanyaga pedali. Nilikuwa naona mgongo wake tu, shati limelowa mpaka kiunoni. Ningependa anitukane. Nikamwambia, "Sema basi. Sema ni mimi."

"Nikisema sasa nitasema vibaya."

Tukaendelea. Kwenye kilima kimoja tulishuka tukatembea, na pale nililia kwa sauti, kilio cha msiba, maana moyoni nilikuwa nimeshamzika. Alisukuma baiskeli mpaka tukafika juu. Tulipoona mapaa ya misheni akasimamisha baiskeli.

"Kama yu hai akauliza," alisema, "niachie mimi."

Sikumwelewa. Nilidhani ana maana ya kuongea na madaktari.

Mama alikuwa hai. Alikuwa amekaa kitandani mgongo umenyooka, kichwa amekifunga vizuri, anamkatalia mwuguzi uji. Nililiangukia lile godoro nikamshika miguu. Akaniwekea mkono kichwani, akanipapasa mpaka masikioni kama anatafuta jeraha, akasema, "Umenenepa." Furaha niliyokuwa nayo kwa dakika ile moja sijawahi kuipata tena, hata siku nilipojifungua.

Kisha mkono wake ukatoka kichwani mwangu.

"Shikamoo, mama," mume wangu akasema kutoka mlangoni.

"Marahaba. Telegramu yangu ilifika?"

"Ilifika, mama."

"Ilifika lini?"

"Jumamosi. Kabla hatujaondoka."

"Kwenda wapi?"

"Kutembea."

Mama aliliangalia neno lile kama kitu kilichodondoka sakafuni. "Ikafika, nanyi mkaenda kutembea. Nani hakuipokea?"

"Mimi," mume wangu akasema. "Tarishi alikuja nayo mbio. Mwanao alitaka tumsikilize. Mimi ndiye niliyeona tunachelewa nikamwambia dereva aondoe lori. Nisamehe, mama."

Alisema vile kwa sauti ya kawaida kabisa.

Mama alifungua pindo la kanga yake. Humo mlikuwa na barua yangu. Hakujua kusoma, mtoto wa jirani ndiye aliyemsomea, lakini alikuwa ameshaihifadhi yote, akaisema bila kuitazama, polepole, mbele ya mwuguzi na wagonjwa wawili. Huyu mtu hanijali. Ananikokota porini kama mbuzi wa mnada. Nikifa huku hatajua hata nimekufa saa ngapi. Mume wangu aliisikiliza yote, pamoja na salamu kwa shangazi. Sikuwahi kumwambia kuna barua kama ile. Nilimwona anavyopokea kila sentensi. Alikuwa kama mtu anayesomewa mashtaka kwa lugha asiyoijua, anatafuta neno moja la kushika.

"Nilipoipata nilidhani ni hasira za mtoto," mama akasema. "Nikauza ukindu miezi mitatu nikapata nauli, nije nione kwa macho yangu. Nimeona. Mtu asiyesubiri hata kusikia habari ya mama wa mkewe, huyo ni wa kukuzika. Funga mizigo. Treni ya Jumatano tunaondoka."

"Mama ana haki," mume wangu akasema, akatoka nje.

Nataka niseme ukweli kuhusu kilichonipitia pale. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Mama angenipeleka nyumbani, nami ningekaa Bagamoyo nikiwa mtoto aliyeonewa, nalishwa samaki. Au ningemwomba amsamehe mkwewe, angemsamehe kidogokidogo, nami ningebaki msafi kwa wote wawili. Mume wangu alikuwa ameshanilipia kosa langu. Nilihesabu haya yote nikiwa bado nimeshika miguu ya mama yangu. Nasema nilihesabu, sisemi nilishawishika, ingawa nilishawishika. Kupitia dirishani nilimwona amechuchumaa kando ya baiskeli ya watu, juani, anakaza nati ambayo haikuwa imelegea.

"Mama," nikasema, "yule anakudanganya. Ni mimi."

Nikamweleza. Mtani, posa, ng'ombe arobaini, bati la lori nililolipiga mara mbili. Nikamweleza na habari ya kanga, ambayo hakuna aliyekuwa anaijua ila mimi na mume wangu, kwamba yeye alitaka tupite stesheni nami nikakataa. Nilisema mpaka nikaishiwa. Mwuguzi alikuwa ameshaondoka na uji wake.

Mama alijifunga upya kitambaa chake cha kichwa. Nilingoja kofi. Ningelipokea kwa mikono miwili.

"Ningependa iwe yeye," alisema mwishoni. "Kwa nini hukuniachia uongo wake?"

Aliikunja barua yangu akanirudishia, akajilaza akageukia ukutani. Nilidhani amelala. Kisha akasema, bila kugeuka, "Mwite mwanangu aingie. Jua kali huko nje."

Nilikwenda mlangoni nikamwita. Mama alikaa kwetu wiki sita, akarudi Bagamoyo, akaishi miaka mingine kumi na minne. Muda wote huo, katika barua zake zote, na hata siku ya mwisho alipotutaja sote kitandani, mume wangu alimwita "mwanangu". Mimi aliniita kwa jina langu, vizuri tu, kama anavyoitwa mtoto wa jirani.